Mke wa Hondohondo

Mama mdogo Debora hajawahi kukubali kuandika ujumbe kwenye simu. Anasema vidole vyake vilichoshwa na sindano za kufumia tangu ujanani, kwa hiyo yeye hutuma sauti: ndefu, zenye salamu za nyumba nzima, hali ya viazi shambani na majina ya waliofariki. Juzi alinitumia moja nikaisikiliza nikiwa nakaanga vitunguu. Alikuwa akilalamikia mvua. Nyuma ya sauti yake kikapita kilio kikavu cha kukwaruza, kirefu kama cha mbuzi aliyekwama kwenye ua, halafu vishindo vya mabawa. "Unawasikia hao?" akasema. "Wamerudi, na paa langu ndilo wameliona uwanja wa mpira." Vitunguu vikaungua. Mimi nilikuwa nimeshafika Lushoto, ni mtoto mdogo ambaye hajaanza shule, natazama juu ya mkuyu mdomo wazi.

Hao ni hondohondo. Kama hujawahi kuwaona, ni ndege wakubwa weusi wenye mdomo mrefu, na juu ya mdomo huo dume ana mwingine mnene, wa rangi ya maziwa yaliyolala, hata unajiuliza anawezaje kuinua kichwa. Akiruka unamsikia kabla hujamwona, huu, huu, huu, kama mtu anakung'uta mkeka. Msitu wa Magamba umejaa hao, na matunda yakiiva mjini hushuka bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi wa kule juu tulikua nao kama watoto wa mjini walivyokua na kunguru. Lakini mimi sikuwahi kuwatazama hasa mpaka msimu ule mama alipolazwa.

Nyumbani kwetu kulikuwa pembeni mwa msitu, mahali ambapo baridi inaingia mpaka kwenye sufuria. Baba alifanya kazi ya misitu: kupanda misonobari, kuipunguza matawi, kupakia magogo. Mama alilima kabichi na viazi. Baridi ya katikati ya mwaka ilipoanza kulegea, asubuhi moja mama alipandishwa mbele kwenye lori la mbao, akakalishwa juu ya mto, na dereva akaambiwa aende taratibu kama amebeba mayai. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Kwetu mimba haisemwi. Watu wanaiona, wanaipisha njiani, wanaipokea mzigo wa kuni, lakini haitajwi, hasa kwa mwanamke ambaye zimewahi kumharibikia. Hakuna anayenunua kofia, hakuna anayetafuta jina. Mtoto akiuliza anaambiwa mama anaumwa mgongo. Wenzangu mliokua kwa maneno hayo mnanielewa. Nami niliamini, kwa sababu mgongo wa mama niliufahamu vizuri, nilikuwa nimeshuka juu yake si muda mrefu.

Baba hakuweza kushinda na mtoto msituni, basi nikapelekwa mjini kwa mama mdogo Debora, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alikuwa amepanga chumba karibu na soko, anafuma masweta ya shule. Alikuwa msichana mrembo, mwenye maneno, na mwenye hasira pia, maana mchumba wake alikuwa ameteremka Mombo kutafuta kazi akaoa hukohuko. Kila alipotaja wanaume, sindano ziliongeza mwendo.

Kila asubuhi tulibeba kikapu cha nyuzi tukaenda hospitali. Yeye aliingia wodini kumwogesha mama na kuchukua nguo za kufua. Mimi nilibaki getini, kwa sababu watoto hawaingii wodini. Mlinzi alinieleza hilo kila siku, kwa upya, kama vile amri yenyewe imefika jana jioni. Mama mdogo akitoka, tulizunguka nyuma ya hospitali, ng'ambo ya ua wa michongoma, tukaingia kwenye bustani ya mji. Hapo tulishinda mpaka jioni, yeye akifuma, mimi nikizurura. Nilikuwa na masharti mawili: nisile kitu nilichookota, na nisivuke michongoma.

Bustani yenyewe haikuwa kitu cha kujivunia. Kulikuwa na benchi za zege, vijia vilivyopangwa mawe yenye chokaa, na bomba moja lililovuja hata likatengeneza dimbwi lake. Lakini ulikuwa ule wakati ambao mijakaranda ya Lushoto huamua yote kwa pamoja. Ukungu wa asubuhi ulipoinuka, ulituachia miti isiyo na jani hata moja, zambarau tupu, na chini yake ardhi nayo zambarau, hivyo kwamba ukisimama katikati hujui kipi ni kivuli cha kipi. Nilivua viatu nikatembea humo taratibu. Maua yalikuwa na ubaridi na utelezi, yalipasuka chini ya nyayo kwa sauti ndogo sana ambayo nilidhani naisikia peke yangu. Nilivisha vidole vyangu vyote maua, kimoja kimoja, nikawa mtu mwenye kucha ndefu za zambarau, nikawasalimia watu kwa mbali.

Na ndege. Sijui kama ndege walikuwa wengi kweli au ni kwa sababu sikuwa na kazi nyingine duniani. Kwenye dimbwi la bomba shore walioga wakigombana. Juu ya mkuyu mkubwa uliokuwa mwisho wa bustani walikaa ninga, kijani kama majani yenyewe, huwaoni mpaka kuyu lianguke karibu na kichwa chako. Kurumbiza aliimba mahali fulani ndani ya kichaka na hakutoka hata siku moja, nami nikaamua kwamba ni mtu. Kwenye maua ya hibiskasi walikuja chozi, wadogo kuliko kidole cha baba, wakining'inia kichwa chini na kuchovya midomo yao iliyopinda. Niliamini chozi hunywa rangi, na ndiyo maana kifua chake kina kijani na nyekundu inayong'aa. Nikawa nawavizia kwenye jakaranda, nione atakayekunywa zambarau atageuka nini. Mchana ulikuwa mrefu, jua lilikuwa jembamba, nyuzi za mama mdogo zilinuka kondoo, na mara nyingi nililala kwenye benchi nikaendelea kuota vitu vilevile nilivyokuwa naviona.

Hondohondo walikuwa wawili. Walianza kwa kuukagua mkuyu kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Juu kidogo palikuwa na pango la mti, mahali tawi lilipovunjika zamani. Jike aliingia, akatoka, akaingia tena. Halafu siku moja akaingia na sikumwona akitoka. Dume akatua chini kwenye dimbwi, karibu kabisa na mimi, akaanza kumeza tope. Akarukia kwenye lile pango, akainamisha shingo, akalitapika huko. Akarudi kuchota jingine. Nilikimbia kwa mama mdogo nikiwa na kucha zangu za maua.

"Mama mdogo, yule anafanya nini?"

Mama mdogo aliinua uso, akafunika jua kwa mkono. "Yule? Anamziba mke wake."

"Kwa nini?"

"Asitoke. Wanaume ndivyo walivyo, mwanangu. Yeye atazurura mpaka Mombo huko, mke atakaa gizani anangoja kutiwa tonge kwenye kitundu."

"Na mke akikataa?"

"Atakataaje, na yuko ndani?"

Alicheka, akahesabu tundu zake za sweta, akaendelea. Alikuwa anamsema mchumba wake, najua leo. Lakini mimi sikucheka. Nilirudi chini ya mkuyu nikatazama pango linavyozidi kuwa dogo, siku baada ya siku, mpaka ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo.

Sasa inabidi nieleze dirisha. Wodi ya wazazi ilikuwa mwisho wa hospitali, na madirisha yake ya nyuma yalitazama bustani. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia humo, na baba hakutaka chakula cha mama kipelekwe na mtu mwingine. Kwa hiyo jioni, akishateremka na lori la magogo, alikuja na kikapu chake, akamsalimu mama mdogo, akaitikia shikamoo yangu, akapenya kwenye mwanya wa michongoma na kusimama dirishani pamoja na wanaume wengine, kila mmoja kwake. Dirisha lilikuwa na nondo. Kitanda cha mama kilikuwa chini yake. Kutoka kwenye benchi niliona mgongo wa baba, kikapu chini, halafu mkono wake unapanda na bakuli, na mkono mwingine, mwembamba, unatoka kati ya nondo kupokea. Uso sikuuona. Ule mkono ndio ulikuwa mama.

Jioni moja, siku chache baada ya maneno ya mama mdogo, nilitazama dirisha, kisha nikatazama mkuyu. Dume naye alikuwa amefika na matunda kooni, anayacheua moja moja na kuyapitisha kwenye ufa. Nikatazama dirisha tena. Nikaelewa kila kitu. Mama hakuwa anaumwa mgongo. Baba alikuwa amemfungia.

Mtoto akishaelewa kila kitu hakuna wa kumsaidia. Shikamoo niliendelea kutoa, maana kwetu hiyo haina mjadala, lakini niliitoa nikitazama kifungo cha shati lake. "Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?" Nikanyamaza. Akaniletea forsadi zilizofungwa kwenye jani, bado zina baridi ya msitu. Niliwapa shore. Aliponyoosha mkono anishike kichwa, nilikuwa nimeshainama kutafuta kitu chini. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alisimama kidogo, akachukua kikapu chake, akaenda dirishani. Siku hizi nina watoto wangu, na najua ule ukimya ulimgharimu nini. Wakati ule niliona tu mtu mwenye funguo.

Nikaanza kungoja. Niliwaza kwamba hondohondo yule akitoka, mama naye atatoka, na kwa kuwa mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja kichwani mwangu, niliulinda mkuyu. Niliwafukuza watoto wenye manati. Nilimwimbia jike kwa sauti ndogo, nyimbo za kanisani nilizozijua nusu. Nilimwambia habari za nje: kwamba jakaranda zimeanza kupukutika, kwamba leo kuna ukungu, kwamba mama mdogo amemaliza sweta jingine. Nilikuwa na hamu na mama, na kwa sababu hakuwa ananisikia, nilimpa ndege yule maneno yote.

Mvua za vuli zikaanza. Maua ya mwisho yalishushwa yote kwa pigo moja, yakaganda ardhini, yakageuka kahawia. Jioni moja ya manyunyu nilikuwa nimesimama karibu na michongoma, gunia kichwani, baba akiwa dirishani. Mara kati ya nondo ukatokea uso. Ulikuwa umejaa, mweupe kidogo, nywele zimefungwa kitambaa nisichokifahamu, lakini ulikuwa wake. Mama aliniona. Akatoa mkono wote nje, mpaka begani, akaupunga kuelekea kwangu, vidole vikifunguka na kufumba. Na baba akaushika mkono huo kwa mikono yake miwili, akaurudisha ndani, akavuta dirisha.

Sikumbuki kupita kwenye mwanya, nakumbuka miiba. Nilimfikia baba nikamshika suruali kwa ngumi zote mbili.

"Mtoe mama!" nikapiga kelele. "Mtoe! Kwa nini umemfungia?"

Nilisema kwa Kishambaa, maana hasira yangu ilikuwa bado haijajifunza Kiswahili. Wanaume waliokuwa madirishani wakageuka na mabakuli yao. Mmoja akasema, "Lo, mtoto huyu!" Baba hakunikemea. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Maji yalikuwa yakimdondoka puani.

"Sijamfungia," akasema. "Mama yako mwenyewe hataki kutoka. Mimi nimembembeleza sana. Hataki."

Akaninyanyua akanirudisha kwenye benchi, koti lake likinuka utomvu wa msonobari, akanikabidhi kwa mama mdogo. Niliacha kulia papo hapo. Angesema uongo ningeendelea kulia, lakini baba hakuwa na uongo, hata mimi nilijua hilo. Mama hataki kutoka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia baba maisha yangu yote, na sasa sikujua nifanye nini na kitu hiki kipya.

Usiku kucha mvua ilinyesha. Asubuhi tulipofika bustanini nilikuta sehemu ya ukuta wa tope pale juu ya mkuyu imeporomoka. Tundu lilikuwa wazi, kubwa, hata ngumi ya mtu mzima ingepita. Nikamwita jike kwa majina yote niliyompa, toka, toka, dume hayupo, toka sasa hivi. Kitu kikatikisika humo ndani. Mdomo ukatokeza.

Jike hakutoka. Mdomo wake ulilala ubavu kwenye ukingo wa tundu, ukaanza kupiga tope, pa, pa, pa, ukilisawazisha kama mwanamke anayekandika nyumba. Dume akaja na tope jingine kooni, akalitoa, na yule wa ndani akalipokea akalibandika mwenyewe. Nilisimama pale mpaka shingo ikakakamaa. Dume alikuwa mchukuzi tu. Aliyekuwa anaziba ni jike mwenyewe, kutoka ndani, kwa bidii, na tundu likawa linafungwa mbele ya macho yangu.

"Mama mdogo," nikasema, "anajiziba mwenyewe."

Mama mdogo akaja kusimama nami. Alitazama muda mrefu, sindano zimening'inia mkononi na uzi unaburuzika kwenye majani mabichi.

"Kumbe," akasema.

Baadaye, tulipokaa, alinivuta karibu yake akafunika miguu yangu kwa sweta la mtoto wa watu. "Yale niliyokwambia nilikuwa natania," akasema. "Baba yako ni mtu mwema. Kuna jambo lipo, ila mtoto haambiwi. Vumilia kidogo."

Nilivumilia, lakini furaha ya bustani ilikwisha. Jakaranda zilianza kutoa majani madogo laini kama manyoya ya kifaranga, chozi walikuwa bado wapo, kurumbiza aliimba, na mimi nilikaa kwenye benchi nikawapa kisogo. Niliumia. Sina neno jingine la kusema. Nilifikiri: mama anaiona bustani kutoka pale alipo, ananijua nipo, na amechagua kukaa ndani. Ikiwa ni hivyo, basi nimefanya nini? Nilichunguza makosa yangu yote, nikakuta ni mengi, nikayapanga kwa ukubwa. Jioni dirishani sikuinua macho tena. Baba naye alikuwa amekonda, ndevu zimemwota, na sikumwonea hasira wala huruma. Tulikuwa watu wawili walioachwa, lakini sikuwa na akili ya kumwambia hivyo.

Halafu siku moja alikuja asubuhi, wakati ambao si wake. Hakuwa na kikapu. Alipita kwenye mwanya wa michongoma kutoka upande wa hospitali, akaja mpaka kwenye benchi yetu, akaketi kwenye maji ya mvua bila kuyafuta. Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia.

"Shemeji," mama mdogo akasema. Nyuzi zilimwanguka. "Shemeji, sema neno!"

"Wote wawili," baba akasema ndani ya viganja.

"Wote wawili nini?"

"Wazima. Wote wawili wazima."

Mama mdogo akapiga kigelegele ambacho naamini kilisikika sokoni. Ninga waliruka wote kutoka kwenye mkuyu, mimi nikaanza kulia kwa woga, na mlinzi akachungulia juu ya michongoma. Kisha mama mdogo akafanya jambo la ajabu. Akachukua sweta la shule alilokuwa amelimaliza siku ileile, la kijani kibichi, akaukata uzi kwa meno na kuufumua mkono mzima, krr, krr, nyuzi zikimrundikia mapajani. Palepale, bila kufuta machozi, akaanza kufuma kofia ndogo inayotosha chungwa. Hapo ndipo nilipouliza wawili ni nani, na kwa kuwa sasa mtoto alikuwa ameshafika, nikaambiwa.

Mdogo wangu wa kiume aliingia duniani akiwa na sare ya shule. Watu walimcheka miaka mingi.

Mama alirudi nyumbani na lori la mbao, mbele, juu ya mto. Majirani walijaa, wakaimba, wakala, wakaondoka. Mimi nilikaa nje na mbuzi. Jioni nilipoingia, mama alikuwa amelala upande karibu na moto, mtoto amefungwa kifuani, na mimi nilisimama mlangoni nikaegemea mwimo. Alikuwa mwembamba na mzuri na alinuka sabuni ya hospitali. Nilitaka kumrukia. Sikusogea.

"Njoo," akasema.

"Hukutaka kutoka."

Mama alinitazama. "Nani kakwambia?"

"Baba."

"Ni kweli," akasema taratibu. "Njoo ukae hapa nikueleze, maana siwezi kupaza sauti."

Nikaenda nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikiwa nimempa ubavu. Akaniambia, kama mtu anayemwambia mtu mzima mwenzake, kwamba kabla ya huyu waliwahi kumtoka wawili, wakati bado wadogo, naye akiwa anatembea na kulima kama kawaida. Daktari alikuwa amemruhusu arudi nyumbani akapumzike. "Kupumzika gani, na mimi najijua?" akasema. "Ningeona magugu ningeshika jembe. Nikamwambia baba yako, kwa huyu sishushi mguu chini mpaka atoke mwenyewe. Baba yako hakutaka. Kila jioni alikuja kuniomba turudi, kwamba wewe umenyamaza, kwamba huli. Nami kila jioni nilimkatalia. Nikakataza usiletwe dirishani, kwa sababu ningekuona ningeshuka. Na siku ile nilipokuona na gunia lako kichwani, nilisimama kweli. Ndiyo baba yako akanirudisha."

Moto ulipasuka. Mtoto akakunja uso ndani ya kofia yake ya kijani. Nilimtazama.

"Kwa hiyo ulimtaka yeye," nikasema. "Mimi hukunitaka."

Mama alianza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu, akaacha.

"We mtoto," akasema. "Unafikiri wewe ulitoka wapi? Kitanda kilekile. Dirisha lilelile. Tena kwako ndiko nilikokaa zaidi, nimeingia mvua ya vuli nimetoka mvua ya masika. Lori lilikuwa bado halijaanza kupita. Baba yako alikuwa anakuja kwa miguu."

Nilikuwa nimejaa kabisa, nilihofu nikifungua mdomo nitamwaga. Niliweka kichwa pale kwenye mgongo wa mdogo wangu, juu ya mama, nikakaa mpaka pumzi zetu tatu zikaanza kwenda pamoja. Kisha nikasimama, nikachota maji ya moto kwenye sufuria, nikayachanganya na ya baridi kwenye beseni, nikatoka nayo nje nikiyamwaga njia nzima.

Baba alikuwa ameketi kwenye gogo nje ya jiko, ametoa buti, anatazama ukungu unavyoshuka kutoka msituni. Nikaweka beseni mbele yake. Akanitazama, akaingiza miguu majini. Nikachuchumaa nikaanza kumsugua tope vidoleni.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nilipokuwa mimi humo ndani, ulikuwa unatuletea nini?"

Alinyanyua mguu mmoja ili nisugue kisigino.

"Wewe ulikuwa hutaki kitu ila ndizi," akasema. "Za kuchemsha. Nikileta kingine, unakirudisha dirishani."